Miguu Mikavu Wakati wa Kaskazi: Mwongozo kwa Wanaoshinda Ndani ya Viatu vya Kufunika

Upepo wa kaskazi unapoanza kuvuma mwezi Desemba hadi masika yanapokaribia mwezi Machi, miji ya mwambao kama Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar na Mombasa hupata joto la mchana linalofika nyuzi 32 au 33 za Selsiasi, na hewa hujaa unyevu kiasi kwamba jasho hukataa kukauka mwilini. Mwenye hiari ya kuchagua huvaa makubazi au ndala na mambo yakaisha. Lakini mlinzi wa getini, mwalimu, karani wa benki, muuguzi, mwanafunzi mwenye sare na fundi wa kiwandani hawana hiari hiyo, kwa sababu kazi au kanuni inawataka wavae viatu vya kufunika tangu alfajiri hadi jioni. Nimeuandika mwongozo huu kwa ajili yao. Mimi mwenyewe nimefundisha kwa miaka mingi katika madarasa yenye paa la bati jijini Dar es Salaam, nikisimama saa sita au saba kwa siku, na ninajua jinsi miguu inayoungua na kuwasha inavyoweza kumwondolea mtu utulivu wa kazi na hata usingizi wa usiku.

Jambo la kufahamu mapema ni kwamba ndani ya kiatu unyevu hudhuru mguu kuliko joto. Mguu wenye joto lakini mkavu huvumilia siku nzima bila madhara, ilhali mguu uliolowa hulainika ngozi, huchubuka kwa msuguano mdogo, na huwa shamba la bakteria na fangasi. Ndiyo maana hatua nyingi zilizomo humu hufanyika usiku na asubuhi, kabla mguu haujaingia kwenye kiatu. Anayesubiri mpaka saa nane mchana ndipo aanze kuihangaikia miguu yake huwa amechelewa.

Yanayotokea ndani ya kiatu

Nyayo ni miongoni mwa sehemu za mwili zenye tezi nyingi zaidi za jasho kwa kila sentimita ya mraba. Mtu akiwa peku au amevaa kandambili, jasho hilo hupeperushwa na hewa bila yeye kulihisi. Akivaa kiatu cha kufunika, jasho hukosa njia, hulowesha soksi, kisha hunywewa na bitana na soli ya ndani. Jasho jipya halina harufu mbaya. Harufu hutokea pale bakteria wanaoishi kwenye ngozi wanapolila jasho pamoja na seli za ngozi iliyokufa na kuacha asidi zenye uvundo, na wadudu hao huongezeka upesi mahali penye joto, giza na majimaji, yaani ndani ya kiatu ambacho hakikukauka jana.

Jambo la pili ni kuvimba. Katika joto, mishipa ya damu hutanuka ili mwili upoteze joto kupitia ngozi, na kwa mtu aliyesimama au kukaa muda mrefu, maji ya mwili hushuka na kujikusanya kwenye miguu na vifundo. Kiatu kilichomkaa vizuri saa moja asubuhi kinaweza kumbana saa tisa alasiri ingawa kiatu chenyewe hakijabadilika hata kidogo. Kila hatua inayofuata imejengwa juu ya mambo haya mawili: jasho lisilo na njia ya kutoka, na mguu unaoongezeka ukubwa kadiri siku inavyosonga.

Hatua ya kwanza: Nunua kiatu alasiri, kwa kipimo cha mguu wa alasiri

Watu wengi huenda kununua viatu asubuhi, kabla jua halijawa kali, na kwa hakika asubuhi ndiyo saa nzuri ya kuzunguka Kariakoo. Kwa viatu vya kazini, hata hivyo, nashauri uende baada ya saa tisa alasiri, ukiwa umeshinda umesimama, kwa sababu mguu wa saa hiyo ndio utakaoishi ndani ya kiatu hicho. Beba soksi zile zile utakazovaa nazo. Jaribu miguu yote miwili, kwani kwa watu walio wengi mguu mmoja ni mkubwa kuliko mwingine, na uchague kiatu kinachoutosha ule mkubwa.

Kabla ya kutoka nyumbani, pima mguu. Weka karatasi sakafuni ikiwa imegusa ukuta, simama juu yake wima kisigino kikigusa ukuta, kisha mtu mwingine aweke alama mbele ya kidole kirefu zaidi, ambacho kwa baadhi ya watu ni kile kinachofuata kidole gumba. Pima urefu huo kwa rula, halafu ongeza kama sentimita moja ya nafasi mbele ya kidole. Namba za viatu zilizozoeleka madukani kwetu, kama vile 40, 41 na 42, ni za mfumo wa Ulaya, na kutoka namba moja hadi inayofuata tofauti ni theluthi mbili za sentimita, yaani takribani milimita 7. Tofauti hiyo ni ndogo kwa macho, lakini kwa mguu uliovimba ndiyo inayoamua kama kucha ya kidole gumba itabaki salama au itageuka nyeusi.

Urefu peke yake hautoshi. Kiatu kirefu lakini chembamba hubana kifundo cha kidole kidogo, na vidole vikibanwa pamoja jasho hukwama katikati yake, mahali ambapo fangasi hupenda kuanzia. Ukiwa dukani, simama ndani ya kiatu na ujaribu kuvichezesha vidole vyote. Visipoweza kutawanyika hata kidogo, kiache kiatu hicho, na usimsikilize muuzaji anayekuambia kwamba kitaachia chenyewe. Ngozi halisi huachia kidogo kwa upana, haiongezeki urefu, na ngozi bandia haiachii kabisa.

Hapo ndipo lilipo suala la malighafi. Ngozi halisi hupitisha sehemu ya mvuke wa jasho na kunywa sehemu nyingine, ilhali ngozi bandia iliyopakwa plastiki huufungia unyevu wote ndani. Ili kuzitofautisha, tafuta ukingo uliokatwa ambao haukukunjwa, kwa mfano kwenye ulimi wa kiatu: ngozi halisi huonyesha nyuzinyuzi zilizosokotana, na ngozi bandia huonyesha tabaka jembamba la plastiki lililobandikwa juu ya kitambaa. Halafu ingiza mkono ndani na upapase bitana. Wanunuzi wengi huikagua ngozi ya nje kwa makini na kuisahau bitana, wakanunua kiatu cha ngozi nzuri ambacho ndani yake kimevishwa plastiki, na faida yote ya ngozi ikapotea. Bitana ya ngozi laini au ya kitambaa ndiyo inayofaa. Kazini wakiruhusu raba nyeusi, chagua ile yenye kitambaa cha wavu juu ya vidole.

Kuhusu soli, usiichague nyembamba kwa kudhani kwamba itakuwa nyepesi na yenye kupoa. Lami ya adhuhuri huwaka kuliko hewa iliyo juu yake, na soli nyembamba huupitisha moto huo moja kwa moja hadi kwenye unyayo. Mlinzi na askari wa usalama barabarani wanahitaji soli nene zaidi ya karani anayekaa ndani.

Kwa wanaonunua mtumba, iwe Mchikichini jijini Dar es Salaam au Kongowea mjini Mombasa, nina maneno mawili ya ziada. Kwanza, soma kibandiko kilichopo chini ya ulimi wa raba, kwani mara nyingi huandikwa namba za Ulaya, Uingereza na Marekani pamoja na urefu kwa sentimita, na sentimita ndizo zenye kuaminika zaidi kwa kulinganisha na kipimo ulichochukua nyumbani. Pili, ing'oe soli ya ndani na kuitupa, hata kama inaonekana safi. Imeshachukua umbo la mguu wa mtu mwingine na kunywa jasho lake. Safisha ndani ya kiatu kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kianike mpaka kikauke kabisa, kisha weka soli mpya. Mafundi viatu wengi wanazo, au watakukatia kwa kipimo chako.

Hatua ya pili: Kikaushe kiatu kana kwamba ni nguo

Hii ndiyo hatua ninayoitilia mkazo kuliko zote, na ndiyo inayopuuzwa zaidi. Hakuna mtu anayeweza kulivua shati lililolowa jasho, akalikunja, akaliweka chini ya kitanda na kulivaa tena kesho yake asubuhi. Lakini kiatu tunakifanyia hivyo hivyo mwaka mzima. Kiatu cha ngozi kilichovaliwa kutwa wakati wa joto huhitaji siku nzima, na pengine zaidi, ili kikauke hadi ndani ya bitana. Kwa hiyo, anayeweza awe na jozi mbili za kazini na azivae kwa zamu, leo hii na kesho ile. Kama una fedha za kununua jozi moja ya bei kubwa au mbili za bei ya wastani, nunua mbili. Zitadumu muda mrefu zaidi kuliko ile moja, kwa kuwa unyevu ndio unaoozesha nyuzi na kulegeza gundi.

Najua kwamba kwa mzazi mwenye watoto watatu shuleni ushauri huo ni mzito. Kwake yeye ipo njia nafuu: kiatu kiwe kimoja, lakini soli za ndani ziwe jozi mbili, na soksi ziwe za kutosha. Soli ya ndani hubeba sehemu kubwa ya jasho, hivyo kuibadilisha kila siku huku nyingine ikiwa kwenye kamba ya nguo huipunguzia bitana kazi kubwa.

Utaratibu wa jioni uwe hivi. Mara tu unapovua kiatu, legeza kamba zote, uvute ulimi mbele ili mdomo wa kiatu ufunguke, na uitoe soli ya ndani. Finyanga kurasa za gazeti kuukuu na uzisokomeze ndani hadi kwenye ncha ya vidole. Karatasi hiyo hunywa unyevu haraka. Baada ya saa moja au mbili zitoe, kwa sababu zikishalowa zitaurudisha unyevu ule ule kwenye kiatu. Kisha kilaze kiatu kwa ubavu mahali penye upepo, karibu na dirisha lenye wavu au mbele ya feni ambayo hata hivyo inawaka usiku kucha. Usikiweke kabatini, chini ya kitanda wala ndani ya mfuko wa plastiki. Hewa ya mwambao ina unyevu wa kutosha kuotesha ukungu mweupe juu ya ngozi katika siku chache, na anayeishi Tanga au Unguja hahitaji kuambiwa hilo mara mbili.

Jua ni dawa nzuri, lakini kwa kipimo. Raba za turubai, soli za ndani na kamba zianikwe juani bila wasiwasi. Ngozi ikianikwa kwenye jua la saa saba mchana hukakamaa na kupasuka, na gundi ya soli huachia. Kwa hiyo ianikwe kivulini penye upepo, au kwenye jua la asubuhi kwa muda mfupi. Kukausha kiatu pembeni ya jiko la mkaa ni kukiua. Nimeona viatu vya wanafunzi vilivyopindika mithili ya samaki mkavu kwa sababu mama alitaka kumsaidia mwanawe baada ya mvua ya jioni.

Hatua ya tatu: Chagua soksi kwa kazi unayofanya, na ubebe jozi ya pili

Tumezoea kuambiwa kwamba soksi ya pamba tupu ndiyo bora wakati wa joto. Neno hilo ni kweli kwa nusu. Pamba hunywa jasho vizuri, lakini hulishikilia, na soksi ya pamba iliyolowa hukaa imelowa hadi jioni, ikisugua ngozi iliyokwisha kulainika. Kwa mtu anayekaa ofisini na anayeweza kubadilisha soksi mchana, pamba nyepesi inafaa kabisa. Kwa anayetembea au kusimama kutwa, kama mlinzi, mhudumu wa hoteli au muuza bidhaa mitaani, ni afadhali soksi iliyochanganywa pamba na poliesta au nailoni, kwa kuwa nyuzi hizo huusogeza unyevu mbali na ngozi na kukauka upesi. Soksi ya nailoni tupu, ile nyembamba yenye kung'aa, hainywi jasho vizuri, na ningependa tuachane nayo.

Usikimbilie soksi nyembamba kupita kiasi. Unene wa wastani chini ya unyayo na kwenye kisigino hupunguza msuguano unaoleta malengelenge. Kagua mshono wa mbele ya vidole kwa kuupapasa. Mshono mnene utakutoboa kidole kabla ya saa sita. Ukubwa nao una maana, kwa sababu soksi kubwa hujikunja ndani ya kiatu na kila mkunjo huwa msumeno mdogo.

Kuvaa kiatu cha kufunika bila soksi ni kosa, hata kama mtindo unaruhusu. Jasho lote huingia moja kwa moja kwenye bitana, ambayo huwezi kuifua kila siku. Wanawake wanaovaa viatu vilivyo wazi upande wa juu wa mguu wanaweza kuvaa zile soksi fupi zisizoonekana, ili mradi ziwe na kitambaa cha kunywa jasho.

Beba jozi ya pili kazini na uibadilishe saa saba mchana. Tendo hili la dakika mbili huleta nafuu kuliko poda na manukato yote. Soksi mbichi itie kwenye mfuko, na ukifika nyumbani uitoe siku hiyo hiyo, usiisahau humo hadi wiki iishe. Wakati wa kufua, igeuze ndani nje, kwa sababu ngozi iliyokufa na bakteria viko upande wa ndani, na uianike juani ikiwa imegeuzwa vivyo hivyo. Mwenye fangasi azifue soksi zake kwa maji ya moto sana, na asiazime wala kuazimwa.

Hatua ya nne: Kausha katikati ya vidole, hasa baada ya udhu

Kuosha miguu kwa sabuni kila siku ni jambo linalofahamika, na sitalirefusha. Kukausha ndiko kunakosahaulika. Mtu hutoka bafuni akiwa na haraka ya kuwahi daladala, akapitisha taulo juu ya mguu, akavaa soksi, na maji yaliyobaki katikati ya vidole yakafungiwa humo mpaka jioni.

Suala hili lina uzito wa pekee kwa Waislamu wanaofanya kazi mbali na nyumbani. Anayechukua udhu kwa ajili ya adhuhuri na alasiri huosha miguu hadi kwenye vifundo, hupitisha maji katikati ya vidole kama inavyotakiwa, kisha akimaliza kusali hurudi kazini mbio huku ngozi ingali mbichi. Usafi huo ni neema kubwa kwa miguu wakati wa joto, maana jasho na uchafu vimeondolewa mchana kweupe, jambo ambalo wengine hawalipati. Ili neema hiyo isigeuke chanzo cha fangasi, beba kitambaa kidogo cha pamba mfukoni au kwenye droo, kwa ajili ya miguu tu. Pitisha kitambaa katika kila nafasi baina ya vidole, ukianzia kwa kile kidogo na jirani yake, ambapo ndipo palipobana zaidi. Kama soksi ulizovua zimelowa jasho, wakati huo ndio wa kuvaa ile jozi ya pili. Kitambaa hicho kifuliwe kila siku.

Mafuta ya kupaka yasiwekwe katikati ya vidole wakati wowote. Yapakwe kwenye visigino na juu ya mguu, na ni afadhali yapakwe usiku kuliko asubuhi, kwa kuwa mguu wenye mafuta huteleza ndani ya kiatu na kusuguana.

Hatua ya tano: Punguza jasho lenyewe

Baadhi ya watu, hasa vijana, hutokwa na jasho la miguu kuliko wenzao hata wakifuata yote yaliyotangulia. Wazee wa pwani wamekuwa wakitumia shabu, lile jiwe jeupe linalouzwa kwenye maduka ya dawa za asili, kwa ajili ya kwapa. Shabu ni chumvi ya alumini yenye kukaza ngozi, na inafaa kwa nyayo pia. Osha miguu, lowesha jiwe kidogo, lipake chini ya unyayo na uache pakauke kabla ya kulala. Dawa za kisasa za kuzuia jasho la kwapa zinatumia chumvi za jamii hiyo hiyo ya alumini na zinaweza kupakwa miguuni. Hakikisha tu kwamba kopo limeandikwa kuwa linazuia jasho, kwani yapo mengine ambayo ni manukato matupu. Usiku ni wakati bora, kwa sababu tezi zimetulia na dawa hupata nafasi ya kuingia. Usipake juu ya mchubuko au ngozi iliyopasuka, itawasha sana.

Poda itumike kwa uchache, juu ya ngozi kavu. Ikizidi, huchanganyika na jasho na kuwa tope linalojikusanya kati ya vidole. Wanaonyunyiza soda ya kuokea ndani ya kiatu usiku ili kuondoa harufu hawakosei, ila waikung'ute asubuhi, na wasichanganye jina: magadi makali ya kutengenezea sabuni ni kitu kingine kabisa, na yanaunguza ngozi.

Usipunguze maji ya kunywa kwa nia ya kupunguza jasho. Mwili utatoa jasho vivyo hivyo, na utakachopata ni kizunguzungu.

Hatua ya sita: Utunze mguu wakati wa kazi

Baada ya chakula cha mchana, fungua kamba za viatu na uzifunge upya kwa kulegeza kidogo. Mguu umeshaongezeka, na kamba za asubuhi hazikulijua hilo. Anayekaa mezani anaweza kuvua viatu kwa dakika kumi, akavichezesha vidole na kuvizungusha vifundo. Aliyesimama asikae kama nguzo. Atembee hatua chache kila baada ya muda, au anyanyuke juu ya vidole na kushuka mara kumi au kumi na tano, kwa kuwa misuli ya shavu la mguu ikijikaza husukuma damu na maji kurudi juu. Jioni, lala chali na uinue miguu juu ya mito au ukutani, juu ya usawa wa moyo, kwa robo saa.

Ukihisi sehemu moja inaungua, simama hapo hapo. Lengelenge hutoa taarifa kabla halijatokea, na anayesema atalishughulikia nyumbani hufika nalo likiwa limejaa maji. Vua kiatu, kausha sehemu hiyo, na ubandike plasta. Ikiwekwa juu ya ngozi mbichi itajiviringisha na kuzidisha madhara. Lengelenge lililokwisha kujaa usilitumbue, maana ngozi iliyo juu yake ndiyo kinga bora dhidi ya vidonda. Likipasuka lenyewe, lisafishe kwa maji safi na sabuni, uifunike sehemu hiyo, na siku inayofuata uvae kiatu kingine kisichopagusa.

Hatua ya saba: Ikague miguu kila usiku

Chukua taa na uangalie. Ngozi nyeupe iliyolegea, inayobanduka na kuwasha kati ya kidole kidogo na jirani yake, kwa kawaida ni fangasi. Krimu ya klotrimazoli hupatikana katika maduka ya dawa na hufanya kazi nzuri, lakini watu huiacha mara tu mwasho unapokoma, na baada ya mwezi fangasi hurudi. Endelea kuipaka kwa wiki mbili zaidi baada ya ngozi kuonekana imepona. Jihadhari na krimu zilizochanganywa na steroidi, ambazo huuzwa kiholela. Huondoa mwasho kwa siku chache huku fangasi wakiendelea kuenea chini kwa chini. Vishimo vidogo vidogo kama vya sindano kwenye unyayo mweupe uliolowa, pamoja na harufu kali mno, ni kazi ya bakteria, na huhitaji dawa tofauti atakayoandika daktari.

Magaga ya visigino huwapata zaidi wanaorudi kwenye makubazi baada ya kazi. Sugua taratibu kwa jiwe la miguu baada ya kuoga, paka mafuta mazito ya mgando, vaa soksi ya pamba ukalale. Usikate kwa wembe. Kucha zikatwe kwa mstari ulionyooka, bila kuchimba pembeni.

Mwenye kisukari ana sharti la ziada, kwa sababu ugonjwa huo hufifisha hisia za miguu na kuchelewesha kupona kwa vidonda. Akung'ute kiatu na kupapasa ndani yake kila mara kabla ya kukivaa, asitembee peku hata ndani ya nyumba, asitumie shabu wala dawa ya kukaza ngozi bila kumwuliza daktari, na kila mchubuko, hata usiouma, aupeleke kituo cha afya.

Kuvimba kwa miguu yote miwili kunakoisha baada ya kulala usiku ni jambo la kawaida la joto. Kusipopungua asubuhi, au mjamzito akivimba ghafla pia usoni na mikononi, muone mtaalamu wa afya bila kuchelewa. Mguu mmoja tu ukivimba, ukawa na joto na kuuma kwenye shavu la mguu, nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa inaweza kuwa damu iliyoganda ndani ya mshipa.